Homoni za mimea shambani Bukavu: kisu kwanza, chupa baadaye

Mama anayechuma mboga ya maboga pale Panzi huenda hajawahi kulisikia neno homoni, lakini hesabu yake anaijua vizuri. Leo anakata ncha moja changa. Akirudi baada ya wiki moja na kidogo, anakuta ncha mbili au tatu zimechipuka chini ya pale alipokata, na bakuli lake linajaa bila yeye kupanda boga lingine. Ameuondoa mdomo uliokuwa ukitoa amri, na waliokuwa wamenyamazishwa wamepata nafasi ya kusema.

Mwongozo huu unahusu amri hizo, ndizo homoni. Ninauandika kwa sababu siku hizi kila mwenye duka la pembejeo ana chupa ya "dawa ya kukuza", na watu wananunua bila kujua kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilishakuwa mikononi mwao: kwenye kisu, kwenye kivuli, kwenye shimo la kuivishia ndizi.

Jambo moja kabla ya kuanza. Mbolea ni chakula, homoni ni ujumbe. Ukimtuma mtu mwenye njaa akalime heka nzima, ujumbe ataupata ila heka hutaiona imelimwa. Udongo wetu wa Bushi, vilima vya kuzunguka Bukavu, umechoka sehemu nyingi, kwa hiyo samadi na mboji vinatangulia yote nitakayoyasema hapa.

Wajumbe watano

Oksini hutengenezwa kwenye ncha changa na kushuka chini. Hurefusha seli, huotesha mizizi, na huyazuia machipukizi ya pembeni yasiamke. Sitokinini hutoka zaidi kwenye mizizi na kupanda juu; hugawanya seli na kuyaamsha machipukizi yaleyale ambayo oksini inayalaza. Jiberelini hurefusha shina na kuamsha mbegu: ukilowesha shayiri ya kimea, kiini cha mbegu hutoa jiberelini, nayo huita vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Asidi absisiki ndiyo breki, hufunga vinyweleo vya majani wakati wa ukame na kuilaza mbegu. Wa tano ni etilini, na yeye ni wa ajabu kidogo kwa sababu ni gesi. Anatoka kwenye tunda moja na kwenda kuliambia tunda la jirani kwamba wakati wa kuiva umefika.

Wapo wengine, ila hawa watano wanatosha kuendesha shamba.

Hatua ya 1: Kitalu

Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis waliandika jinsi walivyozifunika ncha za miche ya nyasi kwa vikofia visivyopitisha mwanga. Miche ikaacha kuinamia dirisha. Wakaelewa kwamba ncha ndiyo inayoona, ila panapopinda ni chini yake, kwa hiyo lazima kuna kitu kinachosafiri katikati. Kitu hicho Mholanzi Frits Went alikinasa mwaka 1926, kwenye vipande vya agari, kitu laini kama jeli, alivyovikalishia ncha za oti zilizokatwa. Ndiyo oksini. Huhamia upande wa kivuli, seli za upande huo hurefuka kuliko za upande wa jua, na mche unapinda kuelekea mwanga.

Sasa tazama kitalu chako cha nyanya au kabichi kilichowekwa chini ya mgomba. Miche mirefu, myembamba, shingo imelegea, yote imeelekea upande mmoja. Watu husema inakua haraka. Haikui, inatafuta jua.

Fanya hivi. Sogeza kitalu mahali penye mwanga kutoka juu, si wa pembeni tu. Panda kwa mistari na upunguze miche mpaka majani yasigusane, maana mche ukihisi jirani anauibia mwanga huongeza mwendo wa kurefuka. Kila asubuhi, umande ukishakauka, pitisha kijiti laini au kiganja juu ya miche mara kumi hivi, polepole, ukiiinamisha kidogo. Mguso huo hupunguza kurefuka na shina hunenepa. Jirani zangu walinicheka walipoona napapasa nyanya kama mtu anayebembeleza paka, lakini miche ile haikuanguka mvua ya Septemba ilipoanza kupiga.

Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguza maji. Usiikaushe mpaka ife. Acha majani yalegee kidogo mchana na kuinuka tena jioni. Hapo asidi absisiki inapanda na mmea unajifunza kufunga vinyweleo vyake mapema. Siku ya kuhamisha mwagilia vizuri asubuhi, kisha hamisha jioni.

Hatua ya 2: Amua nani akatwe kichwa

Kanuni ni moja: ncha ikiondoka, oksini inapungua, na machipukizi yaliyo chini yanaamka. Swali ni kama unayataka.

Kwenye maboga na lengalenga (mchicha) unataka majani mengi, kwa hiyo kata ncha mapema na urudie. Marakuja (pasheni) ni tofauti. Acha shina moja lipande mpaka waya wa juu huku ukiondoa kila chipukizi la pembeni. Likifika kwenye waya, kata ncha, uchague matawi mawili, moja kulia na moja kushoto. Matawi yanayoning'inia kutoka hapo ndiyo yatakayozaa.

Kwenye nyanya ndefu za kufungia fito, kazi ni kinyume. Chipukizi linalotoka kwapani, pale jani linapoungana na shina, ling'oe kwa vidole likiwa bado na urefu wa kidole kidogo. Ukichelewa mpaka litake kisu unaacha kidonda, na kwa mvua zetu kidonda ni mlango wa ugonjwa. Nyanya fupi za kichaka usiziguse. Ukiondoa matawi yake umeondoa mavuno.

Viazi mviringo vya mbegu vina kichwa pia. Kiazi kikianza kuchipua, jicho la juu hutangulia na kuyalaza mengine. Livunje chipukizi hilo la kwanza, kisha tandaza viazi kwa tabaka moja au mawili mahali penye mwanga hafifu, si juani. Baada ya wiki chache macho mengine yanatoa machipukizi mafupi, manene, ya kijani au zambarau. Ukipanda, shina moja linakuwa manne.

Hatua ya 3: Mgomba mmoja kuzaa miche mingi

Hapa ndipo ningependa usome mara mbili. Mgomba ulioachwa wenyewe hutoa watoto wachache kwa mwaka, maana mama ana kiini kinachotawala. Tangu mnyauko wa bakteria uonekane Masisi mwaka 2001 na kuenea Kivu yote, tumeng'oa migomba mingi, na miche safi imekuwa kitu cha kutafutwa. Njia inayoitwa PIF (kifupi cha Kifaransa cha miche inayotokana na vipande vya shina), iliyotoka Kameruni, inatumia kisu kumwondoa mtawala.

Chagua mtoto wa mgomba mwenye majani membamba kama upanga, kutoka kwenye shina lisilo na ugonjwa wowote. Usichukue kwenye shamba lenye majani yanayogeuka manjano bila sababu, ndizi zinazoiva ovyo kabla ya kukomaa, au shina linalotoa utomvu wa manjano likikatwa. Hakuna kisu wala maji ya moto yanayoponya mnyauko ulio ndani. Kila ukihama mgomba, pitisha kisu kwenye moto au kichovye kwenye javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo.

Ukishang'oa, osha udongo, kata mizizi yote, chonga kiazi chake, lile tunguu la chini ya shina, mpaka kiwe cheupe kabisa. Sehemu yenye madoa meusi au mekundu ichongwe. Ikiwa imeingia ndani sana, tupa. Kisha tumbukiza kiazi kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Ni kwa ajili ya minyoo ya mizizi, na sekunde hizo zihesabu kweli, usiende kujibu simu.

Sasa vua magamba ya shina moja moja, kama mtu anayemenya kitunguu. Kila gamba likate karibu sana na mahali linaposhikana na kiazi, ukiacha milimita mbili hivi. Chini ya kila gamba, pembeni, utaona kijicho kidogo cheupe chenye umbo la mkuki. Hicho ndicho mche wako; usikikwaruze. Endelea mpaka magamba yawe madogo mno kuvuliwa. Pale katikati, juu kabisa, kuna kiini. Kikate kwa alama ya msalaba inayoingia ndani yake mpaka kiharibike.

Huo msalaba ndio kazi yote. Kiini kikifa, oksini yake inakatika, sitokinini inayapata macho ya pembeni, nayo yanaamka kwa pamoja badala ya kupokezana miaka miwili.

Kausha kiazi kivulini kwa siku moja au mbili. Andaa kisanduku cha mbao au matofali, ujaze unga wa mbao uliochemshwa na kupoa, usitumie unga wa mbao zilizopakwa dawa. Zika viazi, funika kwa kiasi cha vidole vitatu, mwagilia, kisha funika kisanduku chote kwa plastiki angavu ili joto na unyevu vibaki ndani. Kiweke chini ya kivuli chepesi. Maandishi ya nchi za joto husema machipukizi hutokea wiki ya tatu; kwa baridi ya vilima vya Bukavu, usishtuke ikifika ya tano au zaidi. Chipukizi likiwa na majani matatu na mizizi yake, litenge kwa kisu safi, ulipande kwenye mfuko wenye udongo, mchanga na mboji, na ulizoeze jua kidogo kidogo. Mtoto mmoja wa mgomba hutoa miche kumi na zaidi, na ukitaka zaidi, machipukizi ya kwanza nayo unaweza kuyakata msalaba kabla hujayatenga.

Hatua ya 4: Vipandikizi visigeuzwe

Oksini hushuka kutoka juu kwenda chini, hata ndani ya kipande kilichokatwa, nayo hukusanyika mwisho wa chini na kuita mizizi pale. Ndiyo maana fimbo ya muhogo iliyopandwa kichwa chini husumbuka: hesabu zake zote zimegeuka. Unapokata, kata upande wa chini sawasawa na wa juu mshazari, hutachanganya hata ukipanda jioni gizani. Chagua sehemu yenye vifundo vitano mpaka saba, si ncha laini wala shina la zamani lililokauka.

Kwa miti migumu kuotesha mizizi, unga wa oksini wa dukani unasaidia kweli. Lowesha mwisho wa kipandikizi, uchovye kidogo, kung'uta, panda. Kuuvisha koti zito kunaweza kuchoma kipandikizi badala ya kukiotesha.

Hatua ya 5: Ua mpaka tunda

Fupi tu. Tunda changa hukua kwa amri ya mbegu zilizo ndani yake. Ukiona tango limenenepa upande mmoja na kusinyaa mwingine, lipasue: mara nyingi upande uliosinyaa mbegu zake hazikushika mimba. Basi nyanya zikichanua, gonga fito saa nne hivi asubuhi ili chavua idondoke, na usipulizie dawa ya wadudu wakati nyuki wako kwenye matango na maboga.

Hatua ya 6: Kuliambia nanasi lichanue

Wakulima wa kisiwa cha Idjwi wanajua adha ya nanasi: shamba la umri mmoja linatoa maua leo huku, mwezi ujao kule. Karne ya 19, kwenye visiwa vya Azores, wakulima waligundua kwamba moshi ukiingia kwenye nyumba za vioo, mananasi yote huchanua pamoja.  Siri ilikuwa etilini iliyomo kwenye moshi.

Kabaidi ya wachomelea vyuma ikikutana na maji hutoa gesi ya asetilini, na nanasi huisikia kama etilini. Subiri mmea uwe na majani yaliyo hai yasiyopungua 30; ukiamrisha mtoto kuzaa utapata tunda la ukubwa wa ngumi. Chukua maji ya baridi, gramu 10 za kabaidi kwa lita moja, kwenye chombo kilicho wazi. Usikifunge, kitapasuka. Sigara, taa ya moto na jiko vikae mbali, maana gesi hiyo inawaka. Povu likitulia, mimina mililita 50 hivi, nusu ya kikombe kidogo cha chai, katikati ya moyo wa mmea.

Fanya kazi hiyo usiku au alfajiri. Nanasi hufungua vinyweleo vyake usiku na kuvifunga mchana wa jua; ukienda saa saba mchana utapoteza nguvu zako. Rudia baada ya siku mbili au tatu, hasa kama mvua ilikunyeshea. Wekundu wa ua huonekana katikati baada ya wiki sita mpaka nane, na kwenye baridi huchelewa. Shamba zima lisiamrishwe siku moja. Ligawe mara nne, uache mwezi kati ya sehemu na sehemu, la sivyo utafika gatini na mitumbwi mitatu ya mananasi siku ambayo kila mtu ameleta yake.

Hatua ya 7: Kuivisha, na kuzuia kuiva

Wazee wanaotengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, walikuwa wataalamu wa etilini kabla haijapewa jina. Shimo linachimbwa, linapashwa moto, linatandikwa majani makavu ya mgomba, mikungu inaingia, moshi unaelekezwa ndani, kisha linafunikwa kwa majani na udongo. Siku tatu mpaka tano, ndizi zote zimekuwa za manjano kwa pamoja na ziko tayari kukamuliwa. Joto linaharakisha, moshi unaanzisha, na ndizi zenyewe zikishaanza zinatoa etilini yao na kuambizana.

Kwa ndizi chache nyumbani huhitaji shimo. Tumia kikapu au katoni, weka ndizi zilizokomaa, yaani zile ambazo pembe zake zimeanza kuwa mviringo, na katikati uweke ndizi moja iliyoiva au marakuja mawili yaliyokunjamana. Marakuja hutoa etilini nyingi sana. Funika kwa nguo, weka karibu na jikoni. Baada ya siku moja fungua uingize hewa, funika tena: hewa chafu inayotolewa na matunda yenyewe hukwamisha kuiva. Ndiyo sababu mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa hutoa ndizi laini zenye ladha ya ajabu. Avoka (parachichi) nazo ni hivyohivyo, na nzuri zaidi, kwa sababu haziivi zikiwa bado mtini; unaweza kuziacha kule mpaka bei ya soko la Kadutu ikuridhishe.

Usiivishe tunda la kula kwa kabaidi. Ile ya dukani ina mabaki ya aseniki na fosforasi, na inalipaka ganda rangi kabla ndani hapajawa tayari. Kwenye moyo wa nanasi, miezi mingi kabla ya kuvuna, ni jambo jingine.

Na sasa upande wa pili. Nilisafirisha kabichi na karoti kwa boti kwenda Goma, na mwenye mzigo jirani alikuwa na magunia ya marakuja yaliyoiva. Usiku mmoja chini ya turubai moja. Kabichi zilianza kuachia majani ya nje zenyewe, kama mtu anayevua shati. Karoti zilionekana nzima, ila zikikaa siku kadhaa na etilini huwa chungu, na mteja wangu alirudi kuniambia kwa sauti kubwa. Tangu siku hiyo nauliza kwanza nani atalala na mzigo wangu. Mboga za majani, kabichi na karoti zikae mbali na ndizi, avoka, marakuja na nyanya zilizoiva, ndani ya boti na hata kwenye kona ya jikoni.

Hatua ya 8: Chupa

Ukifika hapa na bado unahitaji chupa, soma jina la kiambato, si picha ya nyanya kubwa. Chupa isiyo na kiambato, kipimo na tarehe, mrudishie mwenye duka.

Vipimo vya homoni huandikwa ppm. Ppm moja ni miligramu moja kwa lita moja ya maji. Tuseme umeambiwa jiberelini ya ppm 50 na pampu yako ni ya lita 16: 50 mara 16 ni miligramu 800, yaani gramu 0.8. Mizani ya sokoni haioni uzito huo. Mizani ya wanunuzi wa dhahabu inauona, na hapa Bukavu hatukosi mtu mwenye nayo. Pima gramu moja ya jiberelini halisi, iyeyushe kwanza kwenye alkoholi kidogo kwa sababu haipendi maji, kisha ongeza maji mpaka lita moja. Sasa kila mililita ina miligramu moja. Kwa pampu yako chukua mililita 800 na ujazie maji. Ikiwa ni unga au kidonge kilichochanganywa, tumia hesabu ya lebo yake.

Ukizidisha, hutapata zaidi. Mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa alikuwa akichunguza ugonjwa wa mpunga ambao miche hurefuka kuliko wenzake, inapauka, kisha inaanguka. Wakulima wa kwao waliuita mche mpumbavu. Kuvu ndiye aliyekuwa akiitengenezea miche hiyo kitu cha kurefusha, na kitu hicho ndicho kilichokuja kuitwa jiberelini.

Oksini ikizidi, ni sumu kabisa. Dawa ya magugu 2,4-D ni oksini ya kutengenezwa: majani mapana hukua kwa wazimu mpaka yanakufa, mahindi yanabaki. Niliijua kwa njia mbaya. Niliazima pampu ya mtu aliyetoka kupulizia magugu ya mahindi. Aliniambia ameiosha. Nikaweka dawa ya ukungu, nikapulizia nyanya zangu zilizoanza kuchanua. Siku ya tatu ncha zilikuwa zimejikunja kama mkia wa kinyonga, majani yamekuwa membamba, mishipa imesimama. "Mzee, hii ni virusi," kijana wangu akaniambia, na tukang'oa mistari miwili kabla sijakumbuka harufu iliyokuwa kwenye kifuniko.

Sasa nina pampu mbili, ya magugu ina utepe mwekundu kwenye mpini. Kama huna uwezo huo na lazima uazime, ioshe mara tatu kwa maji na sabuni, ukipitisha maji kwenye bomba na mdomo wake pia, mbali na kijito na kisima. Kisha panda maharagi machache kwenye mkebe. Yakitoa majani mawili ya kwanza, yapulizie maji matupu kutoka kwenye pampu hiyo na usubiri siku tatu mpaka saba. Majani yakibaki bapa, pampu ni safi. Yakikunjika kama kikombe, mrudishie mwenyewe pampu yake na umpelekee na huo mkebe auone.